Kivuli cha Arusha, kivuli cha Songea

Ukipita kati ya meza za maonyesho ya sayansi ya shule, hutachelewa kukutana na volkano. Ni ya udongo au ya karatasi zilizolowekwa, imepakwa rangi nyekundu, na ndani yake soda ya kuokea inasubiri siki. Povu linatoka, watu wanapiga makofi, na hakuna aliyejifunza jambo ambalo hakulijua asubuhi. Kwa volkano yenyewe sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba jibu lilijulikana kabla ya swali kuulizwa, na kazi yote mwanafunzi mmoja angeimaliza jioni moja huku wenzake wakimshikia gundi. Yule mwenye mkono wa kuchora, aghalabu, huachiwa kichwa cha bango.

Kazi nzuri ya timu, kwa maoni yangu, haiwezekani mtu akiwa peke yake, na sanaa iliyomo ndani yake inapima kitu badala ya kupamba. Nitaeleza mbili.

Ya kwanza ina umri wa zaidi ya miaka 2,200. Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri, alijua kwamba katika mji wa Syene, Aswan ya leo, kuna siku moja ya mwaka ambapo jua la adhuhuri hufika utosini na nguzo ikakosa kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara, yaani digrii 7.2. Basi mzunguko wa dunia ni umbali kati ya miji hiyo mara 50.

Sasa fungua ramani ya Tanzania. Arusha iko digrii 3.4 kusini mwa ikweta, Songea digrii 10.7. Tofauti ni 7.3, karibu sawa kabisa na ile ya Misri, na kwa upande wa mashariki na magharibi miji hiyo inapishana kwa digrii moja tu. Shule moja Arusha na nyingine Songea zina maabara ya bure, ila kila moja inamiliki nusu tu ya jibu.

Kila shule isimike ufito wa mita moja, unyooshwe kwa timazi ya fundi mwashi, juu ya sakafu iliyokaguliwa kwa pima maji. Karibu na tarehe 23 Septemba jua huwa juu ya ikweta. Kivuli kifupi kabisa cha Arusha siku hiyo ni kama sentimita 6, cha Songea kama 19. Gawa urefu wa kivuli kwa urefu wa ufito, kikokotoo kikupe pembe, kisha pembe ndogo itolewe katika kubwa. Tofauti hiyo hufanya kazi ya zile digrii 7.2 za Misri: gawa 360 kwayo, kisha zidisha kwa umbali kati ya miji.

Mtego uko kwenye saa. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45, mstari unaopita baharini, mbali na pwani yetu. Kwa hiyo siku hiyo adhuhuri ya jua hufika Arusha kama saa sita na dakika 26, na Songea dakika nne baadaye. Timu itakayopima Arusha saa sita kamili itapata kivuli cha sentimita 13 hivi, zaidi ya mara mbili ya kile kinachotakiwa. Dawa ni kuanza mapema na kutia alama kila dakika mbili mpaka kivuli kiache kupungua na kuanza kurefuka. Mmoja anataja muda, mmoja anatia alama, mmoja haondoi jicho kwenye timazi.

Ncha ya kivuli nayo ina ukungu. Jua si nukta. Ni duara lenye upana wa nusu digrii angani, na kwa ufito wa mita moja ukungu huo unafika karibu sentimita nzima. Ukikosea sentimita hiyo Arusha, jibu la mwisho, ambalo linapaswa kukaribia kilomita 40,000, litapotoka kwa kilomita kama 3,000. Bandika juu ya ufito kipande cha kadi chenye tundu dogo: chini kitatokea kiduara cha mwanga, na katikati yake ndipo pa kupimia.

Jaji mkali atauliza umbali wenu umetoka wapi. Ramani inasema kama kilomita 810 kutoka kaskazini hadi kusini, lakini aliyechora ramani alikwisha kuujua ukubwa wa dunia. Mita ya basi linalopitia Dodoma, Iringa na Njombe haijui, ila barabara ina kona nyingi. Namna ya kuzinyoosha kona hizo ni mradi ndani ya mradi, na ningewaachia wanafunzi wagombane nao.

Mchoraji hapa hana bango la kuandika. Alama zile, zikipakwa rangi uwanjani saa baada ya saa, zinakuwa saa ya jua yenye namba za Kiswahili, sita ikiwa kwenye kivuli kifupi. Akiendelea mwaka mzima kutia alama kwa dakika ileile ya mchana, mara moja kwa wiki, alama zake zitachora namba 8 iliyorefuka.

Kazi ya pili ni ya wanaopenda muziki: ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ala ya vijiti vya chuma vilivyobanwa kwenye ubao, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha mbali duniani. Spoki za baiskeli zikipondwa bapa zinatosha kwa vijiti vyake. Waambie wanafunzi wapandishe sauti kwa oktava moja. Wengi watakata kijiti cha sentimita 8 kiwe 4, kwa sababu uzi wa gitaa ukiushika katikati hupanda oktava moja. Kijiti kitapanda mbili. Kwenye uzi, ukigawa urefu kwa mbili, mitetemo inazidi mara mbili. Kwenye kijiti kilichobanwa upande mmoja inazidi mara nne. Urefu unaotakiwa ni kama sentimita 5.7, na ni vizuri waugundue baada ya kuharibu spoki kadhaa.

Kisha watoboe tundu dogo kwenye ubao na kulifunika kwa utando wa buibui, kama wafanyavyo mafundi. Sauti inaanza kuvuma, na programu ya simu inayochora mitetemo itawaonyesha vilele vipya ambavyo havikuwapo. Programu za kulinganisha sauti ni suala jingine. Nyingi zimeundwa kwa mizani ya piano, na ilimba haikupangwa hivyo, kwa hiyo zitaonyesha kosa baadhi ya vijiti vinapopigwa. Aliyezoea kuipiga ndiye alinganishe kwanza; simu iandike tu namba anazozipata yeye.