Injini ya Noah iko chini ya kiti, na kuna sababu

Ukitaka kuiona injini ya Noah ya zamani, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, usihangaike na boneti. Inua viti vya mbele. Injini iko hapo chini, ndiyo maana kwenye safari ndefu ya mchana dereva husikia joto likimpanda mapajani, na ndiyo maana fundi huifanyia kazi akiwa ameinama ndani ya gari. Noah iliyoifuata mwaka 2001 imerithi jina tu. Injini imehamia mbele, imekaa kwa upana wa gari, na inazungusha magurudumu ya mbele.

Ndugu zangu wa nyumbani wakiniuliza wanunue ipi kati ya hizo mbili, jibu langu huwa refu kuliko walivyotarajia, kwa sababu mahali injini ilipo panaamua mambo mengi: sakafu iwe juu au chini, mizigo ikae wapi, gari lifanye nini kwenye kona yenye matope. Na katika historia ya magari, mara nyingi mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya kona. Wahandisi walitafuta kwanza nafasi au bei nafuu. Tabia ya gari barabarani ilikuwa deni la kulipwa baadaye.

Hapa Mannheim, Ujerumani, mji ninaoishi, ndipo Carl Benz alipounda gari lake la mwaka 1886. Lilikuwa na gurudumu moja mbele, mawili nyuma, na injini ya silinda moja huko nyuma. Mtu wa Dar akiliona ataujua mpangilio huo mara moja: ni wa Bajaji. Sababu yenyewe haijabadilika. Injini ikiwa karibu na magurudumu inayoyazungusha, vyuma vya kupeleka nguvu ni vichache na gharama inapungua. Mwaka 1891 Émile Levassor, Mfaransa, aliiweka injini mbele huku nguvu ikienda magurudumu ya nyuma, na mpangilio huo ukatawala kwa miongo mingi. Hilux na Mark II bado zinaufuata.

Sasa tuje kwenye uzito. Tairi hushika barabara kwa kugandamizwa, kwa hiyo injini ikikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, gari hupata mshiko zaidi kwenye utelezi. Lakini tairi likibebeshwa mzigo maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Kwenye kona ya kasi, upande wenye mzigo mkubwa ndio unaotangulia kuchoka. Uzito ukiwa mbele, pua inagoma kuingia kona. Ukiwa nyuma, mkia unataka kupita mbele. Halafu kuna swali la uzito umesambaa vipi. Mtu mwenye ndoo mbili kwenye mzega hawezi kugeuka ghafla, na akishaanza kuzunguka hawezi kusimama ghafla. Akizikumbatia ndoo kifuani, anageuka apendavyo. Gari lenye injini katikati ya ekseli mbili ni huyo wa pili.

Ferdinand Porsche alipoisanifu Volkswagen Beetle miaka ya 1930, alihitaji gari la bei ya chini. Injini ya kupozwa kwa hewa ikawekwa nyuma kabisa: hakuna rejeta, hakuna propela shafti. Uzito ule juu ya magurudumu ya nyuma ukawa baraka kwenye tope la Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za Safari akiwa ndani ya Beetle, na wakati huo mbio zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Deni lilijificha kwa sababu Beetle haikuwa na nguvu nyingi. Lilijitokeza Marekani, kwenye Chevrolet Corvair, iliyotoka kama modeli ya mwaka 1960 ikiwa na injini kubwa zaidi nyuma. Ekseli zake za nyuma zilikuwa na kiungo upande wa ndani tu, karibu na difu. Mkia ukinyanyuka katikati ya kona, gurudumu la nje liliweza kujikunja chini ya gari, na tairi likabaki limesimama kwa ukingo. Kampuni ilijaribu kulituliza gari kwa upepo wa matairi: pauni 15 mbele, 26 nyuma. Lakini dereva wa kawaida hujaza sawasawa kote, na akifanya hivyo mbele panashika zaidi na mkia unaachia mapema. Ralph Nader alikianza kitabu chake cha mwaka 1965, Unsafe at Any Speed, kwa sura ya gari hilo. Kwangu mimi, usalama unaotegemea mtu wa kituo cha mafuta akumbuke namba mbili tofauti si usalama.

Porsche 911 ilirithi ukoo uleule wa injini ya nyuma. Dereva akiingia kona kwa kasi, akashtuka na kuondoa mguu kwenye mafuta, uzito unahamia mbele, nyuma panakuwa pepesi, na mkia unatoka. Wahandisi walificha vipande vizito vya chuma ndani ya bampa ya mbele. Kisha, kwa modeli ya mwaka 1969, wakayasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 zaidi na kuweka betri mbili mbele. Wamelilipa deni hilo kidogo kidogo hadi leo.

Mini ya mwaka 1959 pia ilianza na nafasi. Alec Issigonis aliigeuza injini ikae kwa upana na kuificha gia boksi chini yake, ili sehemu kubwa ya gari la mita tatu wabaki nayo abiria. Vitz na IST ni wajukuu zake: pua nzito, salama kwa dereva asiye mzoefu, dhaifu kwenye mlima wa utelezi kwa sababu gari likipanda uzito unakimbilia nyuma, mbali na magurudumu ya mbele yanayolivuta.

Hata Cooper, watengenezaji wa magari ya mbio waliowafundisha wenzao wa Formula 1 kuiweka injini nyuma ya dereva, walianza kwa urahisi tu. Magari yao ya awali yalitumia injini ya pikipiki yenye mnyororo, na mnyororo hauvuki gari zima. Faida ya kona ilikuja kujulikana baadaye. Akiwa ndani ya Cooper, Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960.

Toyota walifika mbali zaidi na Estima ya mwaka 1990. Injini iliinamishwa nyuzi 75, karibu ilale kabisa, chini ya viti vya mbele, na shafti nyembamba ikapeleka nguvu hadi puani kuzungusha altaneta na kompresa ya AC. Gari la familia likapata mizani nzuri ya uzito. Lakini injini ya silinda sita haikuingia hapo, na kila tengenezo lilikuwa kazi. Mwaka 2000 injini ikahamia mbele, na Noah ikafuata. Kwa anayepakia watu na mizigo kwenye milima ya udongo, bado ningemwambia achukue ile ya zamani inayosukuma kwa nyuma. Kwa wa lami, mpya ina sakafu ya chini, na wazee wataingia bila kunyanyua goti.

Gari la umeme limelifungua swali upya, kwa sababu mzigo mkubwa sasa ni betri, nayo hutandazwa sakafuni katikati ya ekseli mbili. Volkswagen, walioiweka injini mbele kwenye Golf ya mwaka 1974, wameirudisha mota nyuma kwenye ID.3. Kule mbele magurudumu hayabanwi tena na injini, hivyo yanakunja zaidi, na gari linageuka kwenye mtaa mwembamba ambamo Golf ingelazimika kurudi nyuma mara moja.