Bolti ya Sproketi Ikikataa Kufunguka

Vikundi vingi kutoka Othaya hadi Nanyuki vina pikapu moja ya kikundi. Ndiyo inayopeleka kabeji Karatina siku ya soko, maziwa kwa mnunuzi, na mgonjwa hospitali usiku. Injini ikianza kula mafuta na kutoa moshi, kikundi kinachanga pesa na gari inapelekwa kwa fundi wa jua kali ifunguliwe. Kazi inaenda vizuri mpaka bolti moja inakataa: ile inayoshika sproketi, yaani gurudumu la meno linalozungushwa na cheni ya taimingi, mbele ya kamshafti.

Hapa ndipo pesa za kikundi hupotea. Bolti yenyewe si ghali. Lakini ikivunjwa kwa nguvu, inaweza kuharibu kamshafti, na wakati mwingine kichwa cha injini pia. Kwa hivyo, ndugu wanakikundi, hata kama wewe si makanika, ni vizuri ujue kazi hii inavyofanywa, ili ukisimama pale gereji uweze kuuliza swali la maana.

KWA NINI INAKATAA?

Kwanza, ilikazwa sana kiwandani, na lazima iwe hivyo. Katika injini ya Toyota 22R, ambayo iko kwa Hilux nyingi za zamani, bolti ya sproketi ya kamshafti hukazwa kama kilo 8 kwa mita. Maana yake ni hii: ukishika spana ya urefu wa sentimita 30, unaisukuma kwa uzito wa kilo 27 hivi. Ile ya puli ya krenki, chini, hukazwa karibu mara mbili ya hapo.

Pili, huenda fundi aliyetangulia aliikaza kwa kukisia, au alipaka gundi ya nyuzi.

Tatu, kuna kutu. Kwa injini ya cheni, bolti ya juu huishi ndani ya mafuta na haishiki kutu sana. Lakini bolti ya puli iko nje, inapigwa na matope na maji ya kuoshea injini. Hiyo ndiyo hukwama kwa kutu.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

1. Toa waya wa betri. Zungusha injini kwa mkono mpaka pistoni namba 1 ifike juu kabisa, valvu zake zikiwa zimefungwa.

2. Weka alama ya rangi kwa cheni na kwa sproketi, mahali zinapokutana. Bila alama hii taimingi itapotea.

3. Funga cheni kwa waya isianguke chini. Ikianguka, itabidi kifuniko cha mbele kifunguliwe pia, na hiyo ni siku nyingine ya kazi.

4. Safisha kichwa cha bolti kwa brashi. Tumia boksi spana ya pembe 6 inayokaa sawasawa. Ile ya pembe 12 ikiwa imechakaa hula kichwa cha bolti.

HATUA ZA KUFUNGUA

Kama kuna kutu, tia mafuta mepesi ya kupenya, au mafuta taa yaliyochanganywa na dizeli. Acha usiku mzima. Asubuhi tia tena.

Kisha weka kipande cha chuma laini juu ya kichwa cha bolti na upige nyundo mara kadhaa, wastani, moja kwa moja. Mshtuko huo hulegeza nyuzi. Usipige pembeni.

Sasa kitu kinachozunguka kishikwe. Kama kamshafti ina sehemu ya pembe 6, ishike hapo kwa spana. Kama sproketi ina matundu na nafasi ipo, mchomeleaji atengeneze ubapa wa chuma wenye pini mbili za kuingia katika matundu hayo. Kama nafasi ni finyu, weka gari gia ya nne, vuta hendibreki na uzuie magurudumu kwa mawe. Lakini hapo mvuto unapita kwa cheni, kwa hivyo vuta polepole bila kurukia.

Jaribu kukaza kidogo sana kwanza, halafu fungua kuelekea kushoto. Bolti nyingi hufunguka hivyo, lakini chache zina nyuzi za kinyume. Hakikisha kwanza.

Ikikataa bado, ongeza paipu. Mtu wa kilo 60 akining'inia kwa spana ya sentimita 30 anatoa kilo 18 kwa mita. Kwa paipu ya sentimita 90 anatoa 54! Hiyo inatosha kukata bolti. Basi paipu ni ya kuvuta kwa utulivu, si ya kurukiwa na watu wawili.

YA KUKATAZA

Usikubali bisibisi ikwamishwe kati ya sproketi na kichwa cha injini. Kichwa cha aluminiamu hupasuka.

Usikubali starta itumike kufungua bolti ya puli. Spana ikiruka inaweza kuvunja mkono.

Moto wa gesi uwe wa mwisho kabisa, mbali na petroli. Aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, kwa hivyo fundi hapati onyo.

Na kwa 22R, kuna bolti ndogo mbele ya kichwa, imejificha chini ya mafuta yaliyotuama. Wengi huisahau, wanainua kichwa kwa mtaimbo mpaka kinavunjika. Uliza: "Fundi, ile ya mbele umetoa?"

KURUDISHA

Safisha nyuzi, tia tone la mafuta, na ukaze kwa spana ya kupimia, kufuata kitabu cha injini hiyo. Spana hii si rahisi kwa kikundi kimoja. Vikundi vitatu vya jirani vinaweza kununua moja pamoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani katika kikundi chenu husimama na fundi gari ikifunguliwa?
2. Mlimpa fundi siku ngapi? Je, haraka yenu ndiyo iliyomfanya atumie nguvu?
3. Kuna kijana wenu anayeweza kupelekwa chuo cha ufundi ajifunze kazi hii?