KWA NINI MPIGA PICHA ANAJIFICHA?



Mama mmoja wa kisomo chetu alimpeleka mtoto wake hospitali ya wilaya. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, mkono ukavunjika. Daktari akaagiza apigwe picha ya eksirei. Mpiga picha alimlaza mtoto mezani, akamnyoosha mkono, kisha akaenda haraka nyuma ya ukuta. Akabonyeza kitufe, akarudi.

Mama yule alirudi kijijini na hasira. Alisema, "Mtambo ule unaua! Yeye anakimbia kujificha, mwanangu anamwacha humo!" Maneno yakaenea. Sasa mzee mmoja, anayekohoa mwezi wa pili, amekataa kwenda kupigwa picha ya kifua.

Haya basi, tuelezane ukweli.

MIONZI NI NINI?

Mtambo wa eksirei hutoa mionzi. Mionzi hii ni kama mwanga, lakini hatuioni kwa macho wala hatuisikii mwilini. Hupenya nyama kwa urahisi. Mifupa huizuia zaidi, ndiyo maana huonekana myeupe kwenye picha. Mionzi hutoka wakati wa kupiga picha tu. Ni sawa na tochi: ukiizima, hakuna mwanga unaobaki chumbani.

WA KWANZA WALIUMIA

Mionzi hii iligunduliwa na Mjerumani, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Siku zile watu hawakujua hatari yake. Huko Marekani, Clarence Dally alikuwa msaidizi wa fundi mashuhuri Thomas Edison. Alijaribu mitambo kwa mikono yake mwenyewe, siku baada ya siku. Mikono ikaungua, ikapata kansa, ikakatwa. Alifariki mwaka 1904. Mwaka 1936 mnara wa kumbukumbu ulijengwa mjini Hamburg, Ujerumani. Umeandikwa majina ya madaktari, wauguzi na mafundi wa nchi mbalimbali waliokufa kwa sababu ya kazi hii.

Kujificha kwa yule mpiga picha ni mafunzo yaliyotokana na vifo hivyo. Si dharau kwa mgonjwa.

MGENI NA MPISHI

Mgeni akiingia jikoni mara moja, moshi humwasha macho, akatoka, yakaisha. Lakini mama anayepika humo miaka 20, moshi huo humharibu mapafu. Eksirei ni hivyo hivyo. Mgonjwa hupigwa picha moja au mbili, akaenda zake. Mpiga picha yumo humo kila siku. Mionzi hugonga mwili wa mgonjwa, mingine ikatawanyika chumbani. Asipojikinga, kidogo kidogo hiyo hujumlishana, nayo huongeza hatari ya kansa na ugonjwa wa macho.

Mionzi hupimwa kwa milisiveti, kama mahindi yanavyopimwa kwa kilo. Picha moja ya kifua ni sehemu moja ya kumi ya milisiveti, au pungufu ya hapo. Mfanyakazi naye hatakiwi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka.

ANAJIKINGAJE?

1. Muda. Hakai karibu na mionzi bila sababu.
2. Umbali. Ukisimama mita 2 badala ya mita 1, mionzi inayokufikia ni robo tu.
3. Kizuizi. Hukaa nyuma ya ukuta mnene, au huvaa aproni yenye risasi. Hapa hatusemi risasi ya bunduki. Ni madini mazito ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu ili zizame.

Tena huvaa beji ndogo kifuani. Beji hiyo huhesabu mionzi aliyopata, kisha hupelekwa kupimwa. Hapa Tanzania msimamizi wa mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki.

NA SISI JE?

Sasa tunajua kusoma. Tusome ilani iliyo mlangoni. Alama yake ni kama pangaboi la mbawa tatu kwenye rangi ya manjano. Usiingie mpaka uitwe.

Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme mapema kabla ya picha.

Ukiombwa umshike mtoto wako, usimwambie mpiga picha, "Mshike wewe, ndiyo kazi yako." Akiwashika watoto wa watu wote mwaka mzima, ataumia. Wewe ni mara moja tu. Omba aproni, uvae, umshike.

Wala tusikatae picha aliyoagiza daktari. Kifua kikuu kisichotibiwa kinaua, na huambukiza jamaa nyumbani.

Mzee wetu tumemweleza haya yote. Amekubali kwenda Jumatatu. Atakayemsindikiza ni mama yule yule.

TUJADILIANE
1. Kwa nini mpiga picha yumo katika hatari kuliko mgonjwa?
2. Taja njia tatu za kujikinga na mionzi.
3. Hapa kijijini, ni kazi gani nyingine humdhuru mtu kidogo kidogo? Tufanye nini?