Ngoro za Wamatengo: Elimu Iliyomo Mikononi

Msafiri atokaye Songea kwenda Mbinga, apandapo milima ya Umatengo, huona miteremko mikali iliyojaa vishimo vilivyopangwa safu kwa safu, mithili ya sega la nyuki. Vishimo hivyo huitwa ngoro. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 vita vya Wangoni viliwabana Wamatengo milimani, ikawalazimu kupata chakula cha kuwatosha katika ardhi ndogo yenye mwinamo mkali.

Je, ngoro hutengenezwaje? Mnamo mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana na kufanya miraba. Kazi hiyo aghalabu ni ya wanaume. Wanawake hufuata na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kufukia nyasi kwa udongo wanaoutoa. Hivyo hupatikana matuta yanayozunguka shimo pande zote nne. Juu ya matuta hupandwa maharage. Msimu ufuatao hupandwa mahindi, na magugu ya palizi hutupwa shimoni.

Mvua inyeshapo, maji hayapati mwanya wa kutiririka. Kila shimo hukamata sehemu yake, na maji yakazama polepole ardhini. Udongo uliochukuliwa na maji hutua shimoni badala ya kwenda mtoni. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea, na bakteria waishio katika mizizi ya maharage huurutubisha udongo kwa naitrojeni ya hewani. Mwaka 1938 A. H. Pike alikwisha kueleza hifadhi hii ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Hata hivyo, maelezo ya jaridani hayachimbi shimo. Ngoro zadai mikono mingi kwa muda mfupi. Isitoshe, mteremko ni mali ya majirani: aliye juu akizembea, maji yake humharibia aliye chini. Ndiyo maana kilimo hiki kiliandamana na sengu, yaani baraza la ukoo ambapo watu walikula pamoja, wakagawana kazi, wakaamua mashauri na kuwafunza vijana. Sengu ilikuwa shule isiyo na ubao.

Kadiri kahawa ilivyoleta fedha, na kila kaya ikajitegemea kwa mapato yake, desturi ya sengu ilififia. Vijana nao huenda masomoni na mijini. Kijana asiyepata kushika jembe kando ya mama yake hawezi kuirithi elimu hii, hata akiwa na shahada.

Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa ushirikiano na Japani, kilianza mradi wa maendeleo vijijini uliohusisha wilaya ya Mbinga. Wanavijiji waliunda kamati zilizopewa jina lile lile la Sengu. Mila ya kale ikapata kazi mpya, na mtaalamu akaketi barazani kusikiliza kabla ya kushauri.

Hilo ndilo funzo kwetu sisi tuliosomea ng'ambo. Udongo wa Umatengo ukiachwa uporomoke, maji yatauchukua hadi Ziwa Nyasa na mto Ruvuma, na hakuna maabara itakayourudisha. Basi shule za milimani na ziwe na shamba la ngoro, na wazee waalikwe wawe walimu wake, maadamu wangalipo.