Msukule wa Ruhembe Hakutoka Naijeria

Kila anayeandika kuhusu mila za Kilosa huanza na matambiko ya Wavidunda kule mlimani, akashuka kwenye jando na unyago, akafunga na ngoma. Hayo yameshaandikwa, mengine kwa ustadi, nami sina la kuongeza. Desturi ninayotaka kuitetea sijaona mtu akiipa hata ukurasa mmoja: mabishano ya usiku nje ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, pale Ruhembe, picha la kutisha linapokwisha.

Nimechokozwa. Msomi mmoja wa Dar es Salaam alisema mbele yangu kwamba watu wa mashambani wanapenda picha za mashetani kwa sababu wamejaa imani za kishirikina, na kwamba picha zenyewe ni kopi ya kopi: Mnaijeria kamwiga Mzungu, Mbongo kamwiga Mnaijeria. Akanyamaza kama mtu aliyemaliza kesi. Kumbe kwetu hapo ndipo watu walipokuwa wanavuta mabenchi.

Ruhembe iko upande wa Kilosa wa mto Ruaha Mkuu, katikati ya miwa. Kiwanda kimoja cha Sukari Kilombero, cha Ruembe, kiko upande wetu. Kingine, cha Msolwa, kiko ng'ambo. Wavidunda na Wasagara walikuwepo, kisha miwa ikawaleta Wahehe, Wabena, Wangoni, Wapogoro, Wanyakyusa na wengine wasiohesabika. Kila mmoja alikuja na godoro lake na vitisho vya kwao. Picha la mzimu likionyeshwa mahali kama hapo halipati mtazamaji wa kulishangaa tu, linapata mahakama.

Kibanda kilikuwa cha mabati na maturubai, na mabenchi ya magogo. Mlangoni palikuwa na ubao wa ratiba, jina la picha limeandikwa kwa chaki na kukosewa herufi mbili tatu. Watoto walikaa chini kwenye mkeka, mbele kabisa, ambako shingo huuma. Wakata miwa katikati, masizi bado yako kwenye kope, maana miwa huchomwa kabla ya kukatwa. Mafundi wa kiwandani nyuma, karibu na mlango, kwa ajili ya wale wa zamu ya usiku. Wasichana hatukutakiwa. Mama zetu waliamini kibandani kuna uhuni, na hawakukosea sana. Kwa hiyo tulichungulia kwenye matundu ya mabati, tukaziona picha vipande vipande na kuyasikia mabishano yote. Mpaka leo nayajua mabishano kuliko picha zenyewe.

Palikuwa na taratibu, ingawa hazikuandikwa. Aliyekwisha kuiona picha haruhusiwi kusimulia mwisho. Akifanya hivyo anatolewa nje na kiingilio chake harudishiwi. Msiba ukitokea mtaani, jenereta haliwashwi mpaka watu wazike. Zimwi likitokea mara ya kwanza, kupiga kelele ni ruhusa kwa wote. Mara ya pili ni ruhusa kwa watoto tu.

Mkanda wa kigeni ulikuja na sauti ya mtafsiri juu yake. Mkubwa wa watafsiri hao alikuwa Lufufu, ambaye hata Titanic aliigeuza ikasikika kama habari ya watu anaowafahamu. Mtu wa namna ile hatafsiri maneno tu. Anakutambulisha kwa wahusika, anakuambia nani mnafiki, na steringi akiingia kwenye nyumba yenye giza anamgombeza kwa niaba yenu. Waganda nao wana watu wao wa kazi hiyo. Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010 kwa fedha za mfukoni, imejulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie, na wengi hawawezi kuiwazia bila sauti hiyo. Mtu aliyekulia kibandani hajawahi kukutana na picha iliyo tupu, isiyopita kwenye kinywa cha mwingine. Ukimwambia kwamba hadithi hii imetoka mahali pengine, atakujibu kwamba hata yeye baba yake ametoka Njombe.

Basi walibishania nini? Swali lililorudi kila usiku lilikuwa hili: huyu mfu anamdai nani? Mzimu wenye deni ulipita, hata kama uso wake ni poda ya mtoto na damu yake ni rangi ya juisi. Living in Bondage ya Naijeria, ya mwaka 1992, ina mume anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, na mke anarudi kumwandama. Hapo kuna ndoa, kuna wakwe, kuna mali isiyo halali. Picha ikapokelewa bila kuulizwa pasipoti. Lakini yule wa Halloween, mwenye kinyago, anayechinja watu ambao hawajamkosea lolote, alipata hukumu fupi kutoka benchi la nyuma: "Huyo mgonjwa. Mpelekeni Mirembe."

Picha za kwetu ndizo zilizowasha moto zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, na kijiji kikagawanyika kambi mbili. Nsyuka ilibeba jina la zimwi la Kinyakyusa. Wanyakyusa wakajigamba siku ya kwanza, na siku ya pili wakaanza kulalamika kwamba wa kwao hatembei vile. Shumileta, aliyechezwa na Jennifer Mwaipaja, ni jini mwanamke anayempenda mwanadamu. Wapinzani wakasema kunyonya damu kaazima kwa Dracula, na mapenzi kaazima kwa yule mwanamke nyoka wa Nagina, picha ya Kihindi ya 1986. Watetezi wakajibu kwamba hofu ya mumiani, mnyonya damu, ilienea Tanganyika enzi za wakoloni, kabla kijiji hakijajua deki ni kitu gani. Nani basi alimfundisha nani? Sijasikia jibu lililomnyamazisha mtu.

Na tukisema ya kuiga, tuyaseme yote. Nosferatu ya Wajerumani, ya 1922, ilichukua hadithi ya Dracula ya Bram Stoker bila ruhusa. Mjane wake akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Imebaki kwa sababu ziko nakala zilizosalimika. Leo inafundishwa vyuoni na hakuna profesa anayeicheka. Mtengeneza picha wa Sinza, Dar es Salaam, akichukua vipande viwili kutoka Lagos anaitwa mwizi.

Ila kisa kilichonipa hoja kamili ni White Zombie ya Victor Halperin, picha ya Kimarekani ya 1932, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na siku chache. Wengi huihesabu kuwa picha ndefu ya kwanza ya wafu wanaotembea. Mambo yake yanatokea Haiti, nchi ambayo Wafaransa waliijaza watumwa wa Kiafrika ili walime miwa, na imefuata kitabu cha William Seabrook cha 1929 kilichosimulia wafu wanaofanyishwa kazi mashambani, yaani misukule. Humo mna kiwanda cha sukari. Wafu wanasukuma mashine usiku, wanazunguka, macho yametoka, na mwenye kiwanda ni Bela Lugosi. Mmoja anateleza anaanguka ndani ya mtambo. Wenzake hawageuki.

Kipande hicho nilimwonyesha mjomba wangu kwenye simu, yeye na shemeji yake, wote wastaafu wa kiwandani. Wakakiangalia bila kusema neno, kisha wakataka kirudiwe.

"Huyo aliyeanguka ni mtoto wa nani?" mjomba akauliza.

"Msukule si mtoto wa mtu, shemeji. Ndiyo maana wamemchukua."

"Acha hizo. Msukule ana kwao. Kwao wamezika mgomba wakidhani ni yeye."

Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishoni mjomba akatoa hukumu: picha ni nzuri, mashine zimekaa vizuri, ila hawakuonyesha kwao. Hakumtaja Mzungu wala Mnaijeria. Hakuona ajabu yoyote kwamba watu wa Haiti nao wana msukule wa kulimishwa usiku. Palipo na miwa mingi na watu waliotolewa mbali kuja kuikata, aliona ni lazima atokee mtu wa kusema kwamba baadhi ya wakataji si wazima. Hadithi hiyo Ruhembe ilikuwepo. Tulitishwa nayo tulipokuwa wadogo, ili tusiingie mashambani giza likishaingia. Ushirikina? Iwe hivyo. Lakini ni ushirikina unaojua nani anafanya kazi na nani anakula faida.

Nisiache kusema kwamba mabishano yale yalilindwa na utani. Mngoni angeweza kumwambia Mhehe kwamba zimwi lile limemkimbia kwa sura yake, na Mhehe angerudisha mara mbili, na hakuna aliyeshika panga, ingawa mapanga ya kukatia miwa yalikuwa yameegemezwa ukutani. Waandishi wengi husema utani umebaki misibani na harusini. Hawakuja kibandani.

Sasa vibanda vingi vinaishi kwa mpira wa Uingereza na mikeka ya kubeti. Kijana anaangalia picha peke yake, kitandani, spika ziko masikioni, akiogopa anasimamisha. Zimwi lisimamishwe! Sisemi picha zimeharibika, nyingine zimeboreka kuliko za Banzi. Ninachosikitikia ni lile benchi. Ngoma zetu zinapelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane Morogoro zikapigiwe makofi na viongozi, ilhali mikanda yenye sauti za watafsiri inaota ukungu kwenye maboksi, na wenye maboksi wanaitupa wakihama.

Mimi ni wa kambi ya Shumileta na sihami: jini mwenye mapenzi ana kwao na ana anachokitaka, na Nsyuka, pamoja na heshima zote kwa Wanyakyusa, alitembea polepole mno. Mjomba ameshachoka na kambi zote mbili. Anataka itengenezwe picha ya msukule wa miwa, hapahapa Ruhembe, na anasema haihitaji fedha nyingi: poda, turubai, jenereta, na shamba moja lililokwisha kuchomwa. Anataka ianzie msibani, mgomba ukiwa umeviringishwa sanda na mama analia. Shemeji yake anataka ianzie shambani, saa nane usiku, watazamaji wasijue wale ni nani. Kila mmoja ameshanitafuta kwa simu nimuunge mkono.