Mkia Unaotikisika Si Salamu Siku Zote

Mwenye nyumba anarudi jioni na kukuta kiatu kimetafunwa hadi soli. Mbwa amejikunyata kando ya mlango, masikio yamelala, mkia ameufyata, macho anayakwepesha. "Unaona? Anajua alichofanya," mwenye nyumba anasema, huku akitafuta fimbo.

Utafiti unasema vingine. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilichunguza jambo hilo kwa mbwa 14. Kila mbwa alikatazwa na mwenyewe kula kipande cha chakula, kisha mwenyewe akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa ametii au amekula, ila mara nyingine aliambiwa uongo. Ile sura ya mkosaji ilitokea zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hajala. Waliokaripiwa bure ndio walioionyesha zaidi. Mbwa alikuwa anausoma uso na sauti ya bwana wake, kosa halikuhusika.

Mkia nao umewaponza wengi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, akiwamo Giorgio Vallortigara, walipima mikia ya mbwa 30. Mbwa alipomwona mwenye kumfuga, mkia ulielemea zaidi kulia. Alipoonyeshwa mbwa mgeni mbabe, ulielemea kushoto. Getini hakuna atakayepima hayo, lakini tofauti nyingine inaonekana kwa macho. Mkia uliolegea, unaoyumba pamoja na kiuno kizima, ni wa furaha. Uliosimama wima, mkavu, unaotikisika harakaharaka huku mwili umekakamaa, ni wa mbwa aliye tayari kwa lolote.

Kabla ya kufika huko huwa ameshatoa ishara nyingi. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa kutoka Norwei, alijulikana kwa kuziorodhesha: kupiga miayo bila usingizi, kuramba pua bila chakula mbele yake, kugeuza kichwa, kunusa ardhi ghafla. Mtazame mbwa aliyekumbatiwa shingoni na mtoto. Mtoto anacheka, wazazi wanapiga picha, naye mbwa amefumba mdomo, anatazama pembeni hadi weupe wa jicho unaonekana. Hapo ni kumwondoa mtoto polepole, si kungoja picha ya pili.

Asiposikilizwa, hunguruma. Wengi humchapa kwa kunguruma, wakidhani wanamfunza adabu. Anachojifunza ni kunyamaza, na siku nyingine atauma bila onyo.

Fimbo ilipata utetezi wa kitaalamu kutokana na mbwamwitu. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu waliofugwa pamoja kizuizini, wakigombea ukubwa, na watu wakahitimisha kwamba hata mbwa wa nyumbani lazima atawaliwe kwa mabavu. L. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza dhana ya mbwamwitu mtawala, aliikosoa mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia mbwamwitu wa mwituni katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Kundi alilolikuta lilikuwa familia: baba, mama na watoto wao.

Usa River, karibu na Arusha, maarifa haya ya kumsoma mbwa yana kazi. Huko Shirika la Wanyamapori Afrika, AWF, limefundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, pamoja na askari wa wanyamapori wanaowaongoza. Baadhi ya askari hao walikulia mahali ambapo mbwa ni wa kulinda boma, wa kurushiwa mawe akisogea. Kwa hiyo huanza kwa kumlisha mbwa, kumpiga brashi na kucheza naye. Mbwa akigundua harufu hutulia pale pale, na malipo yake ni mpira wa kuchezea. Mwongozaji naye lazima ajue jinsi pumzi, masikio na mkia wa mbwa wake vinavyobadilika anapoikaribia harufu, maana kwenye rundo la mizigo bandarini au uwanja wa ndege, badiliko hilo dogo ndilo linaloamua sanduku lipi lifunguliwe.