Moyo Wenye Makao Mawili: Elimu ya Kurejea Nyumbani

Tangu miaka ya 1960, shule na hospitali nyingi za Tanzania zimewapokea wageni waliokuja kufanya kazi kwa kujitolea. Shirika la VSO lilianzishwa Uingereza mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa mwezi Machi 1961, na mwaka huohuo wapimaji, wahandisi na wanajiolojia wake wa kwanza waliwasili Tanganyika. Watu wengi hutambua taabu ya mgeni anapoingia nchi asiyoijua. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba mgeni huyo anaporejea kwao hupatwa na taabu nyingine, ambayo mara nyingi humkuta hakujiandaa.

Ili kuielewa taabu hiyo, yafaa kwanza kufahamu mazoea ni nini. Ubongo wa binadamu haungojei mambo yatokee ndipo uyatambue, bali hukisia daima kitakachofuata kutokana na yale uliyokwisha kuyaona. Kisio likitimia, mtu hata hajui kwamba alikisia. Lisipotimia, hushtuka na kulazimika kufikiri upya. Kuishi mahali kwa muda mrefu ni kuujaza ubongo makisio ya mahali hapo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa hisabati kutoka Oslo, nchini Norway, aliyejitolea kufundisha mkoani Singida kwa miaka miwili. Mji wa Singida uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na kuchwa karibu na saa hizohizo jioni. Ndiyo maana hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanzia alfajiri, hufaa sana huku. Oslo iko karibu nyuzi 60 kaskazini. Huko mwezi Desemba jua huchomoza mnamo saa tatu asubuhi na kuchwa mnamo saa tisa alasiri. Kwa hiyo mwalimu huyo hujifunza upya hata maana ya asubuhi. Hujifunza pia kusalimu kabla ya kueleza shida yake, kula ugali wa mtama kwa mlenda, na kutazama mawingu ya Novemba kama mkulima anayengoja msimu mmoja tu wa mvua. Majabali makubwa na maji ya chumvi ya maziwa ya Singida na Kindai, yaliyomstaajabisha siku za kwanza, huwa mambo ya kawaida machoni pake.

Wataalamu wamejaribu kuchora mwendo wa hali hiyo. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa masomo na utafiti. Aliona kwamba furaha ya mwanzo hushuka, kisha hupanda tena, mfano wa herufi U. Mwaka 1960 Kalervo Oberg, ambaye katika miaka ya 1930 alikuwa amefanya utafiti katika ufalme wa Ankole, Uganda, alieleza hatua za mshtuko wa utamaduni. Kisha mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn walionyesha kwamba mtu akirudi kwao hushuka na kupanda mara ya pili, na herufi U ikawa W. Hata hivyo, michoro hii si kanuni kwa kila mtu. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa Kijapani waliokuwa New Zealand, wakaona taabu kubwa zaidi ilikuwa mwanzoni kabisa, wala hapakuwa na furaha ya kwanza.

Kwa nini nyumbani pawe pagumu? Mwaka 1945 Alfred Schütz, akiwafikiria askari waliorejea kutoka vitani, alieleza kwamba arudiye hutazamia kuikuta nyumba aliyoiacha, na wa nyumbani hutazamia kumpokea mtu waliyemuaga. Vyote viwili havipo tena. Nan Sussman, katika makala ya mwaka 2000, aliongeza kwamba kurudi huwa kugumu zaidi kwa mtu ambaye nafsi yake imebadilika sana ugenini. Kwa maneno mengine, taabu hiyo inaweza kuwa dalili kwamba mtu aliishi na watu kwa dhati.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na mara nyingi aliyerejea hushtakiwa kwa methali hiyo. Lakini kuongeza si kukataa. Mtoto wa Singida ajuaye Kinyaturu au Kinyiramba akajifunza Kiswahili hapotezi lugha ya mama yake. Vivyo hivyo, moyo unaweza kupenda mahali pawili, ingawa gharama ipo: popote mtu alipo, kuna kitu akipendacho kilicho mbali, na hakuna safari itakayokiondoa kabisa kilio hicho.

Jambo hili linawahusu Watanzania pia. Kijana wa Iramba au Manyoni aliyesoma Dar es Salaam au ng'ambo hurudi akaambiwa, “Umebadilika.” Afadhali aulizwe alichojifunza, asikilizwe, na apewe kazi itakayotumia ujuzi huo, naye aulize yaliyotokea kijijini wakati hayupo, kwani nao wamesafiri katika miaka hiyo bila kuondoka.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kila mmoja amhoji mtu aliyerejea kutoka masomoni, Jeshi la Kujenga Taifa au kazi ya mbali, kisha achore mstari wa hali yake mwezi kwa mwezi. Darasa lilinganishe michoro hiyo na herufi U na W, na kujadili ile isiyofanana na yoyote kati ya hizo.